Mfanyakazi Namba 14

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi. Mashine iliandika: "Karibu, Metrine. Eleza tatizo lako kwa sentensi moja." Nikaandika: "Wanawake hawanunui samaki wetu." Ikanishukuru. Hiyo akili mnemba hushukuru kwa kila kitu. Ukiiambia nyumba yako imeungua, itakushukuru kwa taarifa.

Wazo lilikuwa la Gordon, mkurugenzi wetu, anayekaa kwenye ofisi ya Kisumu yenye kiyoyozi na ambaye sidhani amewahi kubeba gunia la chakula cha samaki. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku mbili hotelini, akarudi na imani mpya kama mtu aliyeokoka. Hakuna tatizo la biashara, alisema, lisilotatulika ukilikatakata vipande na kuiachia mashine ivipange. Kulikuwa na hatua tano: kutaja tatizo, kuchora mfupa wa samaki, kuhoji wateja, kuuliza "kwa nini" mara tano, kisha kuandika mpango.

"Wewe jibu ukweli tu, Metrine," aliniambia kwa simu. "Kufikiri iachie mashine."

Jibu ukweli tu! Angejua alichokuwa ananiomba, angekata simu.

Mimi ni meneja wa vizimba. Tuna vizimba kumi na viwili vya kufugia ngege, yaani tilapia, ndani ya ziwa, dakika tatu kwa boti kutoka ufuoni, si mbali na Luanda Kotieno. Kwa miaka minne wanawake wachuuzi walitungoja tangu alfajiri na beseni zao, wakigombana nani apimiwe kwanza. Halafu wakaacha. Hawakulalamika bei, hawakutukana mtu. Walipita tu mbele ya lango letu na beseni tupu kichwani, wakaenda kununua bichi ya mbali zaidi. Hiyo sasa ilikuwa wiki ya saba, na Gordon alikuwa ameanza kuniuliza kama naiweza kazi.

Ukihesabu wiki saba nyuma unafika Jumapili ambayo Okinyi alipotea.

Nitasema sasa hivi, maana sipendi hadithi za kufichana. Okinyi hakupotea. Alizama, na mimi ndiye niliyemtuma.

Alikuwa mlishaji wa kizimba namba saba, mfanyakazi namba 14 kwenye orodha yetu, mwanamume mrefu mwenye maneno mengi na mluzi. Kila asubuhi saa kumi na mbili aliegesha mtumbwi kwenye pembe ya mashariki ya kizimba chake, akapiga mluzi mara mbili, na samaki wakamjia midomo wazi kabla hajafungua gunia. Wenzake walimcheka kwamba ameoa mke wa pili majini. Yeye alijibu kwamba huyo angalau hamuulizi alikuwa wapi.

Jumapili ile wengine wote walikuwa kanisani. Mimi nilikuwa ofisini namalizia ripoti ya Gordon. Saa nane na nusu upepo ukaamka, na kamba moja ya kizimba cha saba ikakatika. Wavu ulianza kulegea. Okinyi akasimama mlangoni.

"Madam, store imefungwa. Life jacket iko ndani."

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwenye mkoba wangu, mkoba ulikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa langoni. Ni hatua sitini. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

"Dakika kumi tu, Okinyi. Funga kamba urudi."

"Sawa Madam. Lakini nikikufa, hao samaki utalisha wewe." Akacheka, akaenda.

Nilipoinua macho kutoka kwenye ripoti, mtumbwi ulikuwa umelala ubavu umebanwa kwenye kizimba, na hakukuwa na mtu. Nilichukua boti ya injini. Nilizunguka na kuita mpaka sauti ikanikauka. Ziwa lilikuwa limechafuka na rangi yake ilikuwa ya udongo, huoni hata mkono wako ukiutumbukiza. Kisha hofu ikanishika. Niliona pingu. Niliona watoto wangu wawili kule Webuye, Bungoma, wakiambiwa mama yao yuko wapi. Basi nikauvuta ule mtumbwi hadi ufuoni, nikaufunga mahali pake pa kila siku, nikaingia langoni nikaandika kwenye daftari: namba 14, ametoka saa tisa.

Jioni walipouliza, nilisema aliondoka na begi lake. Mtu akauliza, "Na hakusema anaenda wapi?" Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Alikuwa anaongea na simu. Kitu cha feri."

Neno hilo likaota miguu. Kufikia Jumatano, Okinyi alikuwa amevuka kwenda Mbita, ng'ambo ya maji. Kufikia Jumamosi alikuwa na mwanamke huko. Mwezi ulipoisha, mwanamke alikuwa na mimba. Sikuongeza hata kitu kimoja. Watu walinisaidia wenyewe, na mimi nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na wiki saba na ilikuwa bado inaendelea.

Samaki hawakudanganyika. Asubuhi ya Jumatatu, saa kumi na mbili, nilikwenda vizimbani peke yangu, nikitazama maji kwa woga wa kile yangeweza kunionyesha. Hayakunionyesha kitu, siku ile wala wiki zilizofuata. Samaki wa kizimba cha saba walikuwa wamejazana pembe ya mashariki, mgongo juu ya mgongo, midomo wazi. Hakukuwa na mtumbwi. Hakukuwa na mluzi. Niliwalisha mimi mwenyewe, kama Okinyi alivyosema ningefanya. Nikawalisha Jumanne pia. Jumatano niliweka mlishaji mwingine, nikamwambia awalishe saa mbili, upande wa magharibi. Akafanya hivyo wiki zote hizo. Na bado kila alfajiri, ufike usifike, wao walikuwa pembe ya mashariki wakingoja. Msomi ataniambia ni mazoea ya mnyama. Labda. Mimi sikuwahi kusikia mluzi, sitadanganya kwa hilo. Lakini wao walikuwa wakija kana kwamba wameusikia.

Hatua ya pili ilikuwa mfupa wa samaki. Mashine ilichora uti wa mgongo, kichwani ikaweka tatizo langu, na pembeni ikatoa miiba: watu, vifaa, bei, mazingira, utaratibu. Nilijaza kwa bidii ya mwanafunzi anayeiba mtihani. Samaki wa bei nafuu kutoka nje. Barabara mbovu. Barafu haitoshi. Kwenye mwiba wa watu sikuandika chochote. Ikaniomba nipakie madaftari ya miezi mitatu ili ilinganishe, na mimi, kwa kuwa Gordon alikuwa anaona kila kitu kwenye akaunti yake, nikayapiga picha yote nikayapakia.

Ilichukua muda wa kumeza mate. Halafu ikaandika:

"Asante, Metrine. Nimepata jambo moja lisilolingana. Daftari la lango linaonyesha mfanyakazi namba 14 aliondoka Jumapili saa tisa alasiri na hakuingia tena. Lakini daftari la ulishaji linaonyesha mfanyakazi namba 14 alilisha kizimba namba 7 Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Ni rekodi ipi iliyo sahihi?"

Nilisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

Nilifungua daftari lenyewe. Ilikuwa kweli. Jumatatu, kizimba 7, saa 12:00, namba 14. Jumanne, hivyo hivyo. Na mwandiko ulikuwa wangu. Safu ile ilikuwa na 14 kutoka juu hadi chini, kurasa na kurasa, na nilipofika pale mkono wangu ukaendelea kuandika 14. Sikukumbuka kuandika. Nilikaa nikiitazama tarakimu hiyo, maana kwenye karatasi zangu mwenyewe marehemu alikuwa amerudi kazini siku mbili.

Gordon alipiga simu mchana. "Nimeona hiyo ya number fourteen. Makosa ya data tu. Futa, uendelee."

"Nifute?"

"Si ndiyo huyo aliyekimbilia Mbita? Futa. Isije ikaharibu analysis."

Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe, na hakujua. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilikiweka hapo kwa muda, kisha nikakiondoa. Sijui kwa nini sikufuta, na sitaki kujipamba kwamba ni dhamiri. Nadhani niliogopa tu kumzamisha mara ya pili.

Hatua ya tatu ikataka nihoji wateja. Nikaenda Luanda Kotieno, ambako Mama Aloo hukaanga samaki karibu na feri. Alikuwa mteja wetu mkubwa na hajui kusema uongo hata wa adabu. Nilimkuta anageuza ngege kwenye mafuta. Nikamuuliza swali la mashine neno kwa neno, kwamba ni kitu gani kimefanya aache kununua kwetu.

"Madam, wewe si wa hapa, ndiyo maana unauliza," alisema bila kuinua macho. "Seline amekataa."

Seline ni mke wa Okinyi. Alikuwa akinunua kwetu beseni moja kila siku, na wanawake wenzake ndio waliomchagua awe msemaji wao.

"Seline amekataa nini?"

"Amesema bwana yake haiko Mbita. Iko kwa maji. Mtu akiwa kwa maji, sisi hatuwezi kuchukua samaki hapo tuuzie watu, mpaka atoke ama azikwe."

"Atazikwaje kama mwili haupo?"

Sasa aliniangalia. "Kwenu Bungoma hamfanyi? Kama mwili imekosa kabisa, watu wanachukua tunda ya yago. Ile refu, kubwa, inaninginia kwa mti. Wanazika hiyo badala yake. Kilio inalia, bibi anajua yeye ni mjane, mambo inaisha."

"Basi si wazike?"

"Ndugu zake wamekataa. Mathews, ile kubwa, anasema feri ilimpeleka, kuna mtu alisikia. Na huwezi kuzika yago ya mtu anaishi, Madam. Ukizika hivyo, umemuua." Aligeuza samaki mwingine. "Inatakiwa mtu mmoja tu. Mtu aliona akiingia maji. Hakuna. Kwa hivyo Seline anakaa tu. Haiwezi lia, haiwezi vaa nguo ya kilio. Hata kanisa wanamcheka eti bwana amemtoroka. Unataka samaki ngapi?"

Nilisema sina njaa. Nilirudi garini nikakaa bila kuwasha. Wiki zote hizo nilijiambia uongo wangu haukumdhuru mtu, kwamba Okinyi amekwisha kufa na ukweli hautamfufua. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango wa kaburi lake, na mke wake nimemwacha nje.

Asubuhi iliyofuata nilifungua hatua ya nne. "Sasa tuulize kwa nini, mara tano," mashine iliandika. "Usiruke hatua. Kwa nini wanawake hawanunui samaki wenu?"

"Kwa sababu Seline amewaomba wasinunue."

"Asante. Kwa nini Seline amewaomba hivyo?"

"Kwa sababu mume wake hajazikwa."

"Asante. Kwa nini mume wake hajazikwa?"

"Kwa sababu ndugu zake wanaamini yuko hai."

"Asante. Kwa nini wanaamini yuko hai?"

Nilitoka nje. Nilitembea mpaka kwenye maji, nikanawa uso, nikarudi. Swali lilikuwa bado pale. Mtu akikuuliza swali na usijibu, huchoka, au huona haya, au hubadili mazungumzo, na binadamu tumeishi kwa neema hiyo siku zote. Kile kitu hakichoki wala hakioni haya.

"Kwa sababu meneja wa vizimba alisema Okinyi alipanda feri."

"Asante. Kwa nini meneja alisema hivyo?"

Ilikuwa ya tano. Haikujua meneja ni nani. Au labda ilijua, maana jina langu na cheo changu vilikuwa juu ya ukurasa. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwamba wiki saba nzima katika watu wote wa ufuo huu hakuna aliyeniuliza hivyo. Laiti mtu angeuliza ile Jumapili jioni! Kisha nikaandika neno moja.

"Niliogopa."

"Asante kwa ukweli wako. Chanzo cha tatizo kimepatikana. Je, ungependa kurekebisha sentensi ya hatua ya kwanza?"

Nikarudi juu. Nikafuta "Wanawake hawanunui samaki wetu." Nikaandika: "Okinyi hajazikwa."

Hatua ya tano ilikuwa jedwali la mpango, lenye safu tatu: nani, atafanya nini, lini. Nilijaza mstari mmoja. Mimi. Kumwambia Seline. Leo. Chini yake nikaongeza wa pili: Mimi. Kituo cha polisi. Leo. Nikalituma kwa Gordon jinsi lilivyo, pamoja na zile namba 14 zote mbili, nikazima simu kabla hajasoma.

Nyumba ya Okinyi iko juu kidogo ya barabara, ya mabati, na mlango wake unatazama ziwa. Mathews alikuwa kando anapasua kuni. Seline alikuwa ameketi kizingitini anachambua mboga. Amekonda. Alivaa gauni la maua, jekundu, na ndipo nilipoelewa alichosema Mama Aloo, kwamba hana ruhusa ya kuvaa la kilio.

"Karibu, Madam," alisema. "Umekuja ya samaki?"

"Hapana, Mama. Nimekuja ya Okinyi."

Aliweka mboga chini.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalipotea. Nilisema kwamba hakuna feri. Nilisema upepo, kamba, ufunguo, hatua sitini. Nilisema mtumbwi niliufunga mimi. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitazama miguu yake, na nilipomaliza nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

"Kwa nini?" aliuliza Seline.

Neno ni lile lile. Asubuhi nilikuwa nimelijibu mara tano mbele ya kioo cha kompyuta nikadhani nimemaliza. Sasa lilitoka kwenye kinywa cha mtu, na jibu langu lilikuwa dogo sana kuliweka mbele yake.

"Niliogopa, Mama."

"Hata mimi nimeogopa," alisema. "Kila siku."

Aliinuka akaingia ndani. Nilisikia kitu kizito kikiburutwa kutoka chini ya kitanda. Aliporudi alikuwa amekibeba kwa mikono miwili, kimefungwa ndani ya shati la kazi, shati letu la buluu lenye nembo ya kampuni mfukoni. Akalifunua kidogo. Lilikuwa tunda la yago, refu kama mkono wa mtu mzima, limekauka, limekuwa jeusi.

"Nilichuma siku ya tatu," alisema. "Wakakataa. Nikasema sitatupa. Iko mtu moja aliona, siku moja atakuja kusema. Kila asubuhi nafungua mlango naangalia kama amekuja."

Alinitazama.

"Na ni wewe. Wewe nilikuwa nakungoja."

Kisha akaliweka mikononi mwangu. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri, zito kama mtoto aliyelala, na shati lilikuwa bado linanuka chakula cha samaki. Nikasema nitakwenda polisi, kwamba nilikuwa njiani kwenda.

"Polisi haikimbii," alisema Seline. "Kwanza huyu."

Mathews alikuwa ameacha kupasua kuni. Alisogea, shoka bado mkononi, akatazama shati, akanitazama mimi. Wiki saba alimwambia shemeji yake avumilie, mume atarudi akichoka na Mbita.

"Anasema nini huyu Madam?"

Seline hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Sema tena. Sema kwa nguvu, watu wa boma yote wasikie. Siwezi kulia kama haujasema."

Nikageukia boma, nikalishika tunda vizuri nisiliangushe.

"Okinyi alikufa Jumapili ile, saa tisa, kwenye kizimba namba saba," nilisema kwa sauti yangu yote. "Nilimtuma mimi."

Mathews akaweka shoka chini, akaenda kutafuta jembe. Na nyuma yangu, hatimaye, Seline akaanza kulia.